Ukuta wa Sufuria za Ovidia

Ukifika kwa Ovidia Rosario, kule nje ya Cotuí penye mashamba ya mpunga, kitu cha kwanza kukiona hakikuwa Ovidia mwenyewe. Kilikuwa ukuta wake. Jiko lake ni banda la mbao za mnazi lililojitenga na nyumba, mlango wake unatazamana na baraza, na ukuta wa ndani, ule unaopigwa na jua la saa tisa alasiri, ulikuwa na misumari minane. Kila msumari na sufuria yake, kuanzia ile ya kuchemshia maziwa hadi ile kubwa ya siku za matanga. Ziling'aa mpaka unakunja macho. Watu waliokuwa wakipita barabarani na pikipiki walipunguza mwendo, wakatazama, kisha wakaenda kuwasema wake zao.

Kwetu ndivyo ilivyo. Mgeni akiingia jikoni anaangalia sufuria kwanza, halafu ndipo anasalimia. Sufuria yenye masizi nje inamsema mwenye nyumba kuliko jirani yeyote.

Mimi nilikuwa napita pale na sanduku langu la nyundo, ribiti na jiwe la kunolea, tangu nyumba hiyo ilipokuwa ya makuti hadi ilipopigwa mabati. Naziba sufuria, nanoa visu na mapanga, napewa kahawa, naendelea. Ndiyo maana haya ninayoyaandika nimeyaona kwa macho, isipokuwa machache niliyoambiwa, na hayo nitasema ni nani kaniambia.

Ovidia aliolewa pale akiwa na miaka kumi na saba. Mumewe, Anselmo, alikuwa mtu mpole wa kuongoza maji mashambani, naye alishafariki. Mama yake Anselmo, bibi Casilda, hakufariki. Ana miaka tisini na moja, anakaa barazani kwenye kiti chake cha bembea kuanzia asubuhi, akitazama mlango wa jiko. Macho yake yamefunikwa na ukungu, lakini mwanga anauona. Kila siku saa tisa jua likipiga ukuta ule, alikuwa akisimamisha kiti, akatazama, akasema, "Haya," kisha akaendelea kubembea. Hiyo "haya" Ovidia aliifanyia kazi miaka arobaini na miwili.

Kazi yenyewe ilikuwa Jumamosi baada ya chakula. Alizibeba sufuria zote hadi kwenye jiwe la kando ya mfereji, na majivu ya jikoni, na madanzi mawili yaliyokatwa, na waya wa kusugulia. Anasugua hadi jua linaelekea kushuka. Siku za kawaida alipaka sabuni nje ya sufuria kabla ya kuiweka motoni, ili masizi yasishike sana, lakini kuni ni kuni. Masizi hushika. Basi husugua. Nimemkuta pale akiwa na mimba, nimemkuta akiwa na homa, na Jumamosi moja, wiki ya pili baada ya kumzika Anselmo, nilimkuta anasugua huku machozi yanadondokea ndani ya sufuria, na hakusimama kuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na majivu.

Sasa viungo vya mikono vimemwishia. Asubuhi hawezi kufunga vifungo vya gauni mpaka ashikilie kikombe cha moto kwanza.

Siku iliyoanzisha mambo yote ilikuwa Jumanne, mwezi wa Februari. Nilifika napuliza filimbi yangu, nikamkuta amechuchumaa mbele ya mafiga, moto umezimika, maharage yamemwagikia kuni. Wajukuu wawili wanaokula kwake mchana wakitoka shule walikuwa bado hawajafika.

"Telo, imelia tena," aliniambia. Kila sufuria ikitoboka yeye husema imelia.

Niliichukua nikaitoa nje, nikaielekeza juani. Nilikuwa nimeiziba mara tatu sufuria ile. Safari hii niliona tundu, na pembeni ya tundu nikaona vijitundu, na pembeni ya vijitundu alumini imekuwa nyembamba mpaka kidole changu kikibonyeza, kinaingia ndani kama ganda la yai.

"Tia kiraka," alisema.

"Nikitie juu ya nini, mama? Kiraka kinataka mahali pa kushika. Hapa nikipiga ribiti nafungua dirisha."

"Ni hizi kuni. Kuni za siku hizi zina moto mkali."

Ningeweza kukubali. Nilikuwa nimekubali miaka mingi. Lakini siku ile sijui, labda ni yale maharage yaliyomwagika, labda ni vile alivyochuchumaa kama mtu ambaye hatanyanyuka.

"Moto unakula kitako," nikamwambia. "Tazama kitako hiki. Kizima. Imeliwa ubavuni, hapa, na hapa, unapopitisha waya."

Aliipokea, akaipitishia kidole ubavuni polepole. Halafu akautazama mkono wake mwenyewe, ule wa kulia.

"Yaani ni mimi."

Nilitazama kikombe cha kahawa alichokuwa amenimiminia.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kiraka cha kwanza."

"Na hukusema."

"Kiraka kimoja kwangu kilikuwa chakula cha siku, Ovidia."

"Mwanaharamu mkubwa wewe," alisema bila hasira yoyote, kwa sauti ya mtu aliyechoka hata kutukana. "Kunywa kahawa, inapoa."

Kutoka barazani bibi Casilda akapaza sauti: "Ovidia! Huyo fundi anasemaje?"

"Anasema sufuria imezeeka, mama."

"Imezeeka! Mimi nina miaka tisini na moja na sina tundu hata moja!"

"Unayo, ila gauni linayaficha," alisema Ovidia kwa sauti ya chini, nikacheka mpaka kahawa ikanipalia. Yeye hakucheka. Aliikunja miguu akakaa chini kwenye vumbi la jikoni, sufuria mapajani, akabaki hivyo.

Tulizishusha nyingine saba ukutani tukazielekeza juani moja moja. Zote zilikuwa vilevile. Hazikuwa zimetoboka, lakini ukizibonyeza zinabonyea. Nje zilikuwa nzuri ajabu.

Wiki hiyohiyo akapita Nurys. Huyu Nurys anauza vyombo kwa gari lenye kipaza sauti, mwanamke mnene mwenye pete kila kidole, anacheka kabla hujasema la kuchekesha. Mimi sikuwepo, Ovidia ndiye aliyenisimulia. Nurys alishusha seti ya sufuria tano zinazoingiana, akazipanga barazani mbele ya bibi Casilda, juani.

"Hizo, mwanangu," bibi akasema. "Hizo naziona mpaka hapa."

"Bibi ana jicho!" akasema Nurys. "Mama, mkweo ana jicho kuliko mimi. Tazama mng'aro huu. Hii husugui, unapangusa tu kwa kitambaa."

"Kwenye kuni?" Ovidia akauliza.

"Kwenye kuni, kwenye gesi, kwenye jua ukitaka!"

Ovidia aliinyanyua moja akaona ni nyepesi. Aliniambia kwamba alijua. Mkono wake ulijua palepale. Lakini mkwewe alikuwa ameshanyoosha mikono kuzipapasa, na yeye mgongo ulikuwa unamuuma, na wali ulikuwa unangoja, na kubishana na watu wawili kulikuwa kazi kubwa kuliko kununua. Akanunua. Pesa aliyokuwa ameiweka ya sufuria, karibu yote, ikaenda na kipaza sauti.

Niliporudi baada ya majuma mawili, mbili katika tano zilikuwa zimevimba kitako. Ukiiweka kwenye mafiga inayumba kama kuku mwenye mguu mmoja. Wali uliungua katikati, kando ukabaki mbichi. Na ile kubwa, sikio lake lilikuwa limeng'oka wakati Ovidia anaiepua na maharage yanatokota, kwa sababu masikio yale yalikuwa yamepigwa ribiti mbili ndogo kama za mkoba wa shule. Maharage yalimpata juu ya mguu. Alikuwa amejifunga kitambaa chenye utomvu wa shubiri.

Lakini kilichomkata kabisa hakikuwa mguu. Kilikuwa ukoko. Bibi Casilda hana jino hata moja, na kwa muda mrefu sasa chakula kinachomfurahisha ni kimoja tu: ukoko wa wali, ule wa rangi ya kahawia unaobanduka kama kigae, anauchovya kwenye mchuzi wa maharage na kuumung'unya mchana mzima. Sufuria za Nurys hazikutoa ukoko. Zilitoa makaa.

"Ukoko uko wapi leo?" bibi aliuliza siku ile nilipokuwepo.

"Umeungua, mama."

"Jana uliungua."

"Na leo umeungua, mama."

"Anselmo wangu alioa mtu anayejua kupika wali. Sijui aliyemficha mtu huyo ni nani."

Ovidia alirudi jikoni akasimama akitazama ukuta. Misumari minane, sufuria saba za zamani zinang'aa, na ile iliyotoboka ameining'iniza vilevile, tundu limegeukia ukutani, ili bibi asione pengo.

"Telo," aliniambia, "mimi sitaki sufuria nzuri. Nataka sufuria ya mwisho. Nzito, inipikie wali, inipe ukoko wa huyu mama, isiniombe mikono kwa sababu mikono sina tena. Ikinizika, vizuri. Iko wapi hiyo?"

"Ipo kwa Nereo, anayesubu, anayeyeyusha alumini na kuimimina iwe vyombo. Unene kama kidole kidogo, masikio yanasubiwa pamoja na mwili, hayang'oki. Lakini bei yake huiwezi sasa."

"Siiwezi."

"Anapokea alumini ya zamani. Unampa hiyo, unamlipa ufundi."

Alitazama ukuta tena. Nilijua anachohesabu, nami sikutaka kukisema.

"Zote?" akauliza.

"Zote, na hizi za Nurys. Na bado sijui kama zitatosha."

Barazani kiti cha bembea kilikuwa kinalia, kri, kri. Saa tisa ilikuwa haijafika.

"Mama akiukuta ukuta mtupu," alisema, "nitamwambia nini?"

Nilinoa kisu chake bure, nikaenda.

Nereo husubu siku ya Alhamisi. Alhamisi iliyofuata nilimngoja Ovidia njia panda, bila kujua kama atakuja. Akaja na gunia la mchele begani, ndani mna vyombo vinagongana. Alikuwa amemwacha bibi Casilda kwa jirani, kwa kisingizio cha kukatwa kucha. Tulipanda pikipiki moja watatu, mimi, yeye na dereva, gunia katikati, kila shimo linatutangaza.

Uwanja wa Nereo uko nyuma ya kiwanda cha kukobolea mpunga. Tanuri lake ni pipa lililofukiwa ardhini, feni ya gari kuukuu inapuliza makaa, na pembeni kuna mchanga mweusi anaoushindilia kwenye kalibu za mbao. Yeye mwenyewe mrefu, mwembamba, nyusi zimeungua zamani hazikurudi.

"Telo! Umeniletea mchumba?"

"Nimekuletea mteja. Kaa na adabu."

Ovidia alimwaga gunia. Nereo aliacha utani. Alizichukua sufuria za ukutani moja moja, akazigeuza juani, akapiga mluzi.

"Mama, hizi umezisugua na nini?"

"Majivu. Danzi. Waya."

"Miaka mingapi?"

"Arobaini na miwili."

Alizipanga zote nane kwenye mizani ya kupimia mpunga. Akangoja sindano itulie. "Ratili nne na kidogo," alisema. "Sufuria nane! Hizi zilipokuwa mpya zilikuwa ratili tisa, kumi. Nusu ya sufuria zako, mama, umeimwaga mferejini."

Nilimtazama Ovidia. Alikuwa anatazama sindano ya mizani, na midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, kama mtu anayejumlisha Jumamosi. Kisha akasema tu, "Ongeza na hizo nyingine."

Za Nurys zilileta ratili mbili. Sufuria aliyotaka ilihitaji nane. Nereo alikuna kichwa, akaenda nyuma akaleta pistoni mbili za injini ya trekta, akazitupa juu. "Hizi sadaka, kwa ajili ya arobaini na miwili. Ufundi utanilipa."

"Hutii takataka nyingine humo?" Ovidia akauliza. "Sitaki betri, sitaki kitu chenye rangi. Humo napikia watoto."

"Mama, mimi nakula kwenye sufuria zangu."

"Wewe nyusi zako ziko wapi?"

Nereo alicheka sana, na tangu hapo akamheshimu.

Zilipotumbukia kwenye chungu cha tanuri nilidhani Ovidia atageuka. Hakugeuka. Ile ya maziwa ilianza kulegea kwanza, ikainamisha mdomo, ikazama. Zikafuatana. Kila moja ilipokuwa inazama ilionyesha kwa mara ya mwisho ule mng'aro, halafu ngozi ya kijivu ikaifunika. Ile ya matanga, iliyompikia Anselmo siku tisa za sala, ilikuwa kubwa haikuingia, Nereo ikabidi aikanyage kwa buti ikunjike. Hapo tu ndipo Ovidia alisema "Ee," kwa pumzi.

Nereo akamimina. Tukangoja. Alipoipasua kalibu na kupangusa mchanga, sufuria ilitoka ya kijivu, ngozi inakwaruza kama ulimi wa ng'ombe, nzito, nene, masikio mawili mafupi. Ilipopoa kiasi Ovidia aliipiga kwa kifundo cha kidole akasikiliza. Aliiweka juu ya kigae cha sakafu akaibonyeza ukingo kuona kama inayumba. Haikuyumba. Akaweka kifuniko alichopewa na Nereo akakizungusha, kilikaa. Kisha akaomba maji, akaijaza, akaiweka juu ya kipande cha boksi kikavu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akingoja.

"Mama, unanunua sufuria au unaposa?" Nereo aliuliza.

"Ningeposa hivi, ningekuwa mbali leo."

Ukapita muda wa kuvuta sigara mbili. Ovidia akainyanyua sufuria. Kwenye boksi palikuwa na doa la maji, dogo, kama punje ya dengu.

"Imepumua," nikasema. Hewa iliingia wakati wa kumimina.

Nereo aliinama akatazama. "Hiki si kitu. Ukiipika mafuta mara mbili kinajiziba chenyewe. Wateja wangu wote—"

"Hapana," alisema Ovidia.

"Mama, saa nane hii. Tanuri linapoa."

"Washa."

"Makaa hayo ni pesa."

Alisimama. Ni mwanamke mfupi, na mguu wake ulikuwa bado na kitambaa. Nimemjua miaka thelathini na sijawahi kumsikia akimkatalia mtu: si mkwewe, si mumewe, si Nurys, wala mimi na viraka vyangu. Hakupaza sauti.

"Nereo, mimi nimechoka. Nimechoka kuliko unavyoona. Nimekuja na kila nilichonacho, na umekiyeyusha mbele yangu. Nikirudi na kitu kinacholia, basi nitakaa chini na sitainuka. Washa tanuri."

Nereo alinitazama mimi, kana kwamba mimi ningemsaidia. Nikaanza kukusanya makaa.

Ile ya kwanza ilirudi chunguni ikayeyuka, na ya pili ikatoka saa tisa na nusu. Aliipima vilevile, hatua kwa hatua, hakuruka hata moja. Boksi lilibaki kavu. Aliligeuza akalipapasa kwa shavu. Kavu.

"Uipake mafuta na chumvi ndani," Nereo alimwambia wakati wa kuondoka, "uipashe mpaka itoe moshi, iache ipoe. Mara tatu. Na ndani usipitishe waya hata siku moja. Iloweke, upanguse."

"Na nje?"

"Nje? Nje iache iwe nyeusi. Weusi wa nje hauna ubaya. Unakaa."

Tulifika jioni, jua limeshapita mlango wa jiko. Jirani alikuwa amemrudisha bibi Casilda, amekaa kwenye kiti chake, kucha zimekatwa, uso umegeukia jikoni. Kiti hakikuwa kinabembea.

"Ovidia."

"Mama."

"Ukuta umezimika."

Ovidia alisimama uani na gunia. Ndani ya jiko, ukutani, palikuwa na duara nane nyeupe ambapo sufuria zilikuwa zikining'inia, na mbao zilizobaki zote zimeiva kwa moshi.

"Umeibiwa?"

"Sikuibiwa, mama. Nimezitoa mimi."

"Zote?"

"Zote. Ziko humu." Akaitoa sufuria, akaiweka mapajani kwa bibi. Bibi alishtuka kwa uzito. Aliishika masikio, akapapasa ubavu, ile ngozi ya kukwaruza, akapapasa tena.

"Hii haing'ai."

"Haing'ai, mama. Na haitang'aa. Mikono yangu imekwisha."

Nilitazama kofia yangu. Bibi Casilda alikaa na ile sufuria muda mrefu, kama mtu aliyepewa mtoto wa mtu ampakate. Hatimaye akasema, "Nitolee. Inaniumiza mapaja," na hakusema neno tena siku ile, wala siku iliyofuata. Hii nimeambiwa na Ovidia, kwamba siku mbili bibi alikula ndizi za kuchemsha bila kusema kitu, huku yeye anaipasha sufuria mafuta na chumvi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Saa tisa ilipofika kiti kilisimama, bibi akatazama ukuta, hakusema "haya", akaendelea.

Jumamosi nilipita. Sikuwa na kazi pale. Sufuria za kuziba hazikuwepo tena. Nilijiambia naenda kuuliza kama kisu kinakata. Njiani nilikuwa nimenyamazisha filimbi, kwa sababu sikujua nitakuta nyumba ya namna gani.

Kwenye jiwe la kando ya mfereji hapakuwa na mtu. Jikoni mafiga yalikuwa yamebeba ile sufuria, nyeusi tayari mpaka shingoni, kifuniko kimekaa, na harufu iliyotoka ilikuwa ya wali uliokauka vizuri ukaanza kushika chini. Wajukuu walikuwa wamekula wameondoka. Kwenye baraza, bibi Casilda alikuwa na sahani mapajani, na juu ya sahani kigae cha ukoko, kizima, rangi ya kahawia, upana wa kiganja, nusu yake imelowa mchuzi. Alikuwa anaumung'unya macho yamefumbwa.

Na kando yake, kwenye kiti cha bembea cha Anselmo ambacho hakikaliwi na mtu, alikuwa Ovidia. Alikaa kama mgeni, mgongo haujagusa nyuma. Mikono aliiweka juu ya magoti, viganja juu, haikujua ifanye nini.

"Kaa, Telo," alisema. "Kuna wali."

"Ukoko?"

"Ukoko una mwenyewe," bibi akajibu, macho bado yamefumbwa. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza, Ovidia aliniambia baadaye, tangu Alhamisi.

Nilienda jikoni nikajipakulia. Nilipofunua nilichungulia ndani: kitako kilikuwa kimeachia ukoko wote, hakikubakiza kipande. Nje masizi. Niligusa, kidole kikawa cheusi, nikakipangusa kwenye suruali.

Niliporudi Ovidia alikuwa amelala. Kichwa kimeangukia bega, mdomo wazi kidogo, mikono vilevile juu ya magoti, viganja juu. Ilikuwa saa nane na nusu ya Jumamosi. Nilikula polepole. Kisha nikafungua sanduku langu, nikatoa jiwe la kunolea na kisu, kwa sababu mtu aliyepewa chakula anafanya kitu.

"Weka chini hilo jiwe," bibi Casilda alisema.

"Nanoa tu kisu, bibi."

"Telo, una masikio au una vipini? Amelala." Alinyoosha mkono akapapasa hewani mpaka akapata ukingo wa kiti cha Anselmo, akakishika, kisije kikabembea kikamwamsha. Akakaa hivyo, mkono mmoja kwenye kiti, mwingine na ukoko. Jua la saa tisa likaja, likaingia jikoni, likapiga ukuta wenye duara nane, na bibi hakuligeukia.